Usipime wingu kwa tumbo lako: niliyojifunza kwenye ndege ya Pemba

Haya jamani, hii naiandikia vijana wanaosoma mambo ya hali ya hewa, na wenzangu wa kupanda vile vindege vya Pemba na Unguja kila wiki, ambao wingu likishawatikisa mara mbili tatu basi wanajiona wanalijua ndani nje. Na miye nilikuwa hivyo hivyo.

Ilikuwa masika, natoka Chake, ndege ya injini moja, nikabahatika kiti cha mbele ubavuni mwa rubani. Simu yangu inapima presha ya hewa, na ndege zile hazijazwi hewa kama zile kubwa, kwa hiyo presha ya ndani inafuata ya nje, nikajisemea leo napima kasi ya hewa inavyopanda mawinguni. Nikawasha app ya kurekodi, nikaiweka ichukue kila sekunde 5 ili chaji isiishe (kosa la kwanza hilo, tutalirudia), nikaifunga simu pajani kwa leso. Kabla ya kufika Nungwi tukaingia kwenye wingu moja, kwa nje jeupe zuri kama pamba, ndani kijivu tupu, mvua inapiga kioo kama mtu anamwaga mchele kwenye sinia, bibi mmoja nyuma anasoma Ayatul Kursi kwa sauti, na tumbo langu linapanda na kushuka. Watu wameshika viti miye nachekelea peke yangu.

Nyumbani nikachora grafu, nikapata mita 6 kwa sekunde kwenda juu! Nikamtumia mwalimu wangu. Akanijibu kwa voisi fupi tu: "Rubani alivuta usukani au hakuvuta?"

Nikanyamaza. Sikuangalia.

Manake simu yangu, na ile saa ya rubani inayoonyesha futi kwa dakika, zote zinakwambia ndege inapanda kiasi gani, hazikwambii hewa inapanda kiasi gani. Ndege inaweza kupanda kwa sababu hewa imeibeba, au kwa sababu rubani kainua pua, au yote mawili kwa pamoja. Na inaweza ikabaki pale pale ndani ya hewa inayopanda kwa sababu rubani anaisukuma chini. Aliyekwenda na ngalawa ananielewa: ukikimbia na tanga, upepo unaokupiga usoni sio upepo wenyewe, umechanganyika na mwendo wa chombo, lazima mwendo wako uutoe.

Ndege za utafiti zinautoa hivi. Puani pana vitundu vidogo, mara nyingi 5, kimoja kati, vingine juu, chini, kulia na kushoto. Hewa ikija kwa chini kidogo, kitundu cha chini kinapata presha zaidi ya cha juu, na hiyo tofauti ndiyo inayotoa pembe ambayo hewa inakuja nayo. Halafu pana mtambo mwingine unaojua pua imeinuka kiasi gani na ndege yenyewe inapanda au inashuka kwa kasi gani, ukisaidiwa na GPS. Unatoa hiki kwa kile, kinachobaki ndio hewa. Na hapo panataka umakini, kwa sababu ndege ikienda mita 100 kwa sekunde, ukikosea pembe kwa sehemu moja ya kumi ya digrii tu, umeshakosea karibu mita 0.2 kwa sekunde.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa, kabla hujaamini namba yoyote uliza chombo kilijaribiwa vipi kwenye hewa tulivu. Marubani wa utafiti wanapanda mahali hakuna wingu, wanainamisha na kuinua pua makusudi kama wanacheza pembea, kisha wanaangalia hesabu ya upepo. Kama na upepo nao umeonekana unacheza pembea, basi hesabu ni mbovu, hewa haikufanya kitu. Na vile vitundu vikiingia maji au barafu, tupa data ya sehemu hiyo, usiionee huruma.

Sasa zile sekunde 5 zangu. Mwaka 1974 mataifa mengi yalipeleka ndege na meli kupima mawingu ya Atlantiki, ndege kituo chao kikiwa Dakar, Senegal, na waliochambua vipimo vile walihesabu mkondo wa nguvu, yaani hewa inayopanda au kushuka ndani ya wingu, ni ule unaozidi mita 1 kwa sekunde kwa umbali usiopungua mita 500. Ndege yetu ikienda mita 80 kwa sekunde, mita 500 inazikata kwa sekunde 6 na kidogo. Yaani simu yangu ingepata nukta moja, mbili nikibahatika! Grafu yangu yote ile ilikuwa ya kuunganisha nukta na matumaini.

Wale walikuta mikondo mingi juu ya bahari haifiki hata mita 5 kwa sekunde, midogo kuliko iliyopimwa Marekani bara, Florida na Ohio, mwaka 1946 na 1947. Wenzetu wa India nao, taasisi ya hali ya hewa ya mji wa Pune, mwaka 2009 walirusha ndege kwenye mawingu ya monsuni yao. Ila ukisoma namba za ndege yoyote kumbuka rubani naye ana watoto, pale wingu linapochemka zaidi anapakwepa, kwa hiyo ile mikondo mikali kabisa mara nyingi haimo kwenye data.

Hewa inayoshuka sikuishughulikia kabisa siku ile, nilikuwa nimepumbazwa na ya kupanda. Na ndiyo ninayoijua tangu utotoni. Mzee wangu baharini, mvua bado iko mbali, akisikia ubaridi wa ghafla shingoni anasema "shusha tanga, sasa hivi." Ile ni hewa iliyopozwa na mvua inayokauka njiani, ikawa nzito, ikaporomoka na kutawanyika juu ya maji kabla mvua yenyewe haijafika.

Siku hizi narekodi kila sekunde, na nina kidaftari. Kila rubani akigusa usukani naandika saa. Juzi mmoja kaniuliza, "Yakhe, wewe ni wa serikali?"