Mpichi Hautaki Kuonewa Huruma: Majibu kwa Wasomaji

SWALI: Mpichi wangu una miaka mitano. Kila msimu unashika matunda mengi mpaka matawi yanainama, na msimu uliopita tawi moja kubwa lilipasuka. Lakini matunda ni madogo kama limau na hayana utamu. Naongeza mbolea, hali ni ile ile. Ninakosea wapi?

JIBU: Mbolea haina kosa, ndugu msomaji. Mti wako umebeba kupita uwezo wake. Pichi moja huhitaji majani kama 30 hadi 40 ya kuitengenezea sukari. Matunda matano yakigawana majani hayo, yote matano yatakuwa madogo na chapwa.

Dawa ni kuyapunguza mapema. Subiri yafikie upana wa sentimita 2 hadi 2.5, ambao kwa kawaida hufikiwa wiki 4 hadi 6 baada ya maua kupukutika. Kata tunda moja katikati kwa kisu: kisu kikipenya kokwa bila shida, hujachelewa. Sasa pita tawi kwa tawi, ubakize tunda moja kila sentimita 15 hadi 20. Anza kutoa yaliyoshikana mawili mawili, kisha yenye makovu, yaliyodumaa na yale ya kwenye ncha nyembamba za tawi. Shika tawi kwa mkono mmoja, zungusha tunda kwa mwingine. Ukilivuta unaweza kung'oa kijiti kizima.

Kwenye mti ulioshika sana utaondoa zaidi ya nusu ya matunda yake, pengine robo tatu. Chini patajaa pichi changa na moyo utauma, lakini usiishie njiani. Chembe za nyama ya tunda huongezeka katika wiki hizo za mwanzo. Kokwa likishakuwa gumu, kupunguza kunaokoa matawi yasivunjike lakini hakukuzi sana tunda lililobaki.

Kisha usisahau maji. Pichi huvimba zaidi katika mwezi wa mwisho kabla ya kuiva, na udongo ukikauka wakati huo hakuna namna ya kufidia baadaye.

SWALI: Nimeambiwa nipogoe mpichi kila mwaka tena kwa nguvu. Nikikata matawi mengi hivyo, si ninakata mavuno yenyewe?

JIBU: Kwa miti mingine hofu yako ingekuwa ya haki. Mtufaha huzaa kwenye vitawi vile vile miaka mingi. Mpichi huzaa kwenye vijiti vilivyokua msimu uliotangulia, basi. Kijiti kilichokwisha kuzaa hakirudii pale pale. Usipoukata, mavuno yanahamia juu na nje kila mwaka, na ndani panabaki matawi matupu yasiyopata jua.

Jifunze kwanza kutambua kijiti cha kuzaa. Gome lake ni laini, jekundu upande wa jua na kijani upande wa pili, tofauti na la zamani ambalo ni la kijivu. Kitazame kwa karibu: mara nyingi utaona macho (vichipukizi ambavyo havijafunguka) matatu pamoja, mawili ya pembeni manene yenye manyoya, na la katikati jembamba lililochongoka. Yale manene ni ya maua, lile jembamba ni la majani. Bakiza vijiti vya unene wa penseli na urefu wa sentimita 30 hadi 60, vikiwa vimeachana. Vyembamba kama njiti za kiberiti viondoe, pamoja na machipukizi mazito yaliyosimama wima katikati ya mti. Kwa jumla utatoa karibu nusu ya vijiti vya msimu uliopita.

Umbo linalofaa ni la bakuli: matawi makuu 3 au 4, katikati wazi, urefu usiozidi mita 2.5 ili uvune bila ngazi. Pogoa mwishoni mwa majira ya baridi, macho yanapoanza kuvimba, siku isiyo na mvua. Vidonda vibichi kwenye baridi na unyevu ni mlango wa magonjwa ya gome.

SWALI: Nina nafasi ya mti mmoja tu. Utazaa peke yake?

JIBU: Utazaa. Aina nyingi za pichi na nektarini (pichi yenye ngozi isiyo na vinyweleo) hujichavusha. Muhimu zaidi ni kuchagua aina ambayo mahitaji yake ya saa za baridi, yaani muda wa baridi ambao mti lazima uupate ukiwa umelala kabla ya kuchanua, yanalingana na hali ya hewa yako. Isipopata baridi ya kutosha, itachanua ovyo na kuchelewa kutoa majani.

SWALI: Majani mapya yamevimba, yamejikunja na kuwa mekundu. Nimepuliza dawa ya ukungu mara mbili bila mafanikio.

JIBU: Umepuliza ugonjwa ukiwa tayari ndani ya jani. Kuvu anayeleta ugonjwa huu wa majani kujikunja hujificha kwenye gome na kwenye magamba ya macho, akaingia macho yanapofunguka wakati wa baridi na mvua. Dawa ya shaba hupulizwa majani yakishapukutika yote, na tena kabla macho hayajavimba, kwa kipimo cha kwenye kibandiko, mpaka vijiti vilowe. Mwaka huu mwagilia vizuri na upunguze matunda zaidi ya kawaida, kwa sababu mti unatumia akiba yake kutoa majani upya.

SWALI: Nektarini zangu huwa nyekundu kabisa, lakini nikichuma ni chachu. Nikiziweka kwenye friji zinakuwa kama unga mdomoni.

JIBU: Wekundu haukuambii kitu, aina nyingine huwa nyekundu wiki kadhaa kabla ya kuiva. Angalia rangi iliyo chini ya wekundu, hasa karibu na kikonyo. Kijani kikigeuka manjano, au maziwa kwa zile za nyama nyeupe, tunda liko tayari. Likishachumwa litalainika, lakini sukari haiongezeki. Lishike kwa kiganja, lizungushe kidogo; lililoiva linaachia. Vuna kwa awamu, ukianza na ya juu na ya nje.

Unga hutokana na kuweka tunda gumu kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 hivi, ambao ndio wa friji nyingi. Liache kwanza mezani, katika safu moja, siku moja hadi tatu mpaka lilainike karibu na kikonyo, ndipo uliingize.

Ngozi ya nektarini isiyo na vinyweleo hupasuka kirahisi mvua ikinyesha karibu na mavuno, na uozo wa kahawia hupitia nyufa hizo. Matunda yaliyooza na kukaukia mtini yatoe yote na uyafukie mbali na mti, kwani humo ndimo uozo wa msimu ujao hulala.