Kabla hujaiambia mashine ichore wimbo wako

Wengi wanaoingia kwenye kazi ya kugeuza wimbo kuwa vazi kwa msaada wa akili bandia huanza kwa kuiandikia programu ya kuchora picha maneno kama "gauni lenye hisia za jazi, rangi za huzuni, la kisasa". Picha inatoka, inapendeza, ila haina uhusiano wowote na wimbo. Mitambo ya picha imefundishwa kwa mamilioni ya picha pamoja na maneno yaliyoandikwa kando yake, kwa hiyo ukitaja jazi utaletewa kile ambacho watu wengi wamekiweka karibu na jina hilo: saksofoni, moshi, taa hafifu. Wimbo wako mashine haijausikia.

Nikuachie ushauri mmoja ninaoushikilia kuliko yote. Kabla hujafungua programu, amua ni kitu gani hasa kinachovuka kutoka sanaa moja kwenda nyingine. Hisia peke yake haitoshi. Tafuta kitu unachoweza kukihesabu au kukipima, kama mpangilio wa mapigo, marudio, au urefu wa kimya kati ya sauti mbili.

Chukua mdundo wa mapigo 8 ambao ngoma inagongwa kwenye pigo la 1, la 4 na la 7, mdundo unaosikika katika muziki mwingi wa kucheza. Chora safu 8 zenye upana sawa. Paka rangi nzito safu ya 1, ya 4 na ya 7, nyingine ziache wazi, kisha rudia. Tayari una kitambaa cha mistari: nafasi mbili, nafasi mbili, halafu moja. Jicho linashtuka palepale sikio linaposhtuka. Huo mchoro ndio wa kuipa programu kama picha ya kuanzia, ukiongezea maelezo ya aina ya kitambaa, mwanga na umbo la vazi. Kila picha inayotoka, hesabu mistari. Mashine huwa na tabia ya kusawazisha nafasi, na ile nafasi fupi ikishapotea, mdundo nao umekwenda, hata kama picha ni nzuri kiasi gani.

Njia ya kurudi nayo ipo, kutoka picha kwenda sauti. Sauti ina picha yake inayoitwa spektrogramu: muda unakwenda kulia, masafa, yaani wembamba au unene wa sauti, yanapanda juu, mng'ao unaonyesha nguvu ya sauti. Mwishoni mwa mwaka 2022 mradi wa Riffusion ulichukua Stable Diffusion, mtambo wa kutengeneza picha, ukaufunza kwa spektrogramu, na picha zilizotoka zikageuzwa kuwa muziki. Jifunze kuzisoma. Pigo la ngoma husimama wima kama mstari mwembamba, noti ndefu ya fidla hulala. Ukizoea, utaanza kuona vitambaa ndani ya nyimbo bila kulazimisha.

Undugu huu wa kitambaa, mashine na muziki una historia ndefu. Kadi zenye matundu zilizoongoza kitanda cha kufumia cha Joseph-Marie Jacquard, Ufaransa, mwaka 1804, ndizo Charles Babbage, mvumbuzi wa Uingereza, alizozikusudia kwa mashine yake ya kukokotoa. Mwaka 1843 Ada Lovelace, mwanahisabati wa Uingereza, aliandika kwamba mashine ya aina hiyo ingeweza hata kutunga muziki, kwa sharti kwamba mahusiano ya sauti yaelezeke kwa namna ambayo mashine inaweza kuifuata. Naliamini sharti hilo mpaka leo. Mahusiano utayaeleza wewe.

Kwa upande wa mavazi, mpelekee fundi picha mapema, kabla hujaipenda sana. Atakuonyesha mkono usio na mshono, kifungo kisicho na tundu, pindo linaloning'inia bila kushikwa na chochote. Na kama unachapisha kitambaa, isogeze picha nusu ya upana na nusu ya urefu ili kingo zije katikati: pasipoungana patajitokeza wazi.

Sauti ya mtu ni jambo la ruhusa. Mwaka 2021 mwanamuziki Holly Herndon aliwafungulia wasanii wengine sauti yake ya kidijitali, Holly+, lakini aliamua mwenyewe. Mwimbaji ambaye hajakubali usimwige, hata kwa majaribio unayopanga kuyaonyesha rafiki zako tu.

Tunza pia kila hatua ya kazi yako. Februari 2023 ofisi ya hakimiliki ya Marekani iliamua kuhusu kitabu kimoja cha katuni kwamba picha zilizotolewa na mashine hazilindwi, bali maandishi ya mwandishi na namna alivyopanga kazi vinalindwa. Kwa hiyo michoro ya mkono, faili za sauti, karatasi ulizokata na fundi, vyote viwekee tarehe na uvihifadhi pamoja na kazi iliyokamilika.