Shingo ya sungura kulegea na gauni kutomwingia

Dada, shingo ya huyo sungura wa kuchezea uliyemshona kwa felti (kitambaa kinene kilichoshindiliwa badala ya kufumwa) inalegea kwa sababu ulianza kujaza tumbo, pamba ikafika shingoni kidogo tu. Fumua mgongoni kama sentimita 5, uanze upya na kichwa. Chambua pamba vipande vidogo vidogo, sukuma kwa kitako cha penseli, na hapo shingoni shindilia mpaka ukibonyeza kwa kidole hapabonyei. Tumbo liwe la mwisho, nalo laweza kubaki laini. Usisukume kwa ncha ya mkasi. Felti haikufumwa kwa nyuzi, ikitoboka hilo tundu halizibiki vizuri.

Gauni nadhani ulilikata kwa kufuata karatasi ya kukatia mnyama. Akishajazwa hunenepa, basi mpime kwa utepe akiwa amekamilika, uongeze sentimita 1 ya mshono kila upande. Na kwa kuwa kichwa ni kikubwa kuliko shingo, gauni lifunguke mgongoni mpaka chini. Mimi nguo zao hushona kwa kitambaa chepesi cha pamba, maana felti juu ya felti hung'ang'aniana, mikono haipiti. Felti naiweka kwa kizibao tu, ambacho hata pindo hakihitaji kwa kuwa haifumuki ukingoni.

Halafu yale macho ya vifungo, tafadhali yatoe kama mtoto hajafika miaka 3, anaweza kumeza kifungo au kikamkaba. Tarizi kwa uzi mweusi, mishono minne mitano ikilaliana. Yanapendeza mno!