Barua kwa mwanangu: pa kupiga hema juu ya Masaba

Mwanangu Zaina,

Salamu kutoka Mbale, sote hatujambo. Umeniuliza kama wewe na wenzako mnaweza kupanda Masaba, yaani mlima Elgon, Desemba hii, mkaziacha kambi za watu wote, mkalale hema ndani ya kaldera, lile bonde kubwa la volkano kule juu, mahali pasipo na choo, bomba wala jirani. Tena umeuliza, ikiwezekana, mchague wapi.

La ruhusa ni fupi. Mlima ule ni hifadhi iliyo chini ya Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, na hupandi bila askari wa hifadhi. Mwambieni nia yenu mapema, kabla hamjaondoka Budadiri au Kapkwata. Akisema mahali fulani hapalaliki, msibishane naye.

Akikubali, basi nisikilize vizuri, maana miaka niliyobeba mizigo ya wageni kule juu nililiona hili tena na tena: usiku wa mlimani unategemea mahali ulipoweka hema, na mahali hapo huchaguliwa saa tisa mchana, si saa moja jioni mkiwa mmechoka na giza limeingia.

Piga hesabu. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua nyuzi 6 hivi. Hapa Mbale tuko kama mita 1,100. Ndani ya kaldera mtakuwa juu ya mita 3,500. Usiku wenu utakuwa na baridi kuliko wetu kwa nyuzi 15 au karibu na hapo, na mbingu ikiwa wazi umande unaganda. Sasa, hewa baridi ni nzito. Jua likizama inateremka kama maji na kujaa mabondeni. Ile tambarare nzuri kando ya kijito, inayompendeza kila mgeni kwa kuwa maji yako karibu, ndiyo itakayowatetemesha hadi asubuhi. Pandeni kidogo ubavuni, mita 20 au 30 juu ya sakafu ya bonde, mtafute mahali palipolala sawa. Msifike mgongoni mwa kilima, kule kuna upepo, na alasiri kuna radi. Ukikanyaga nyasi ukasikia maji chini yake, endelea kutembea. Pakavu, penye udongo au majani mafupi, hapo ndipo.

Mtaona miti mikubwa ya senesio, shina limevaa majani makavu toka juu hadi chini. Vijana huyang'oa wakatandika au wakawasha moto. Usithubutu, Zaina. Majani yale ndiyo yanayozuia shina lisigande usiku, na mti ule hukua polepole mno. Moto wa kuni msiwashe kabisa, nendeni na jiko la gesi. Na sigiri isiingie hemani, hata ikiwa imebaki na makaa mawili, hata mvua ikinyesha vipi. Hewa yake yenye sumu haionekani wala hainuki, na inaua watu wakiwa usingizini. Hilo nakuagiza kama baba yako.

Chakula kisiwasumbue. Kule maji huchemka kwenye nyuzi 88 hivi, kwa hiyo maharage yatamaliza gesi na bado yawe magumu. Bebeni unga wa posho, mukene (dagaa), karanga na chapati. Maji ya kunywa yakichemka yaacheni dakika tatu.

Choo mchimbe wenyewe, kina cha sentimita 15 hadi 20, mita 60 au zaidi kutoka kwenye maji, na mkifukie. Mto Suam unaanzia mle mle ndani ya kaldera, unafuata mpaka, kisha Kenya unaitwa Turkwel na kuishia ziwa Turkana. Watu wengi wanayanywa maji hayo baada yenu.

Ninachokiogopa kuliko vyote ni kimo. Njia ya Sasa kutoka Budadiri ni fupi lakini inapanda ghafla. Mimi ningewapitisha Piswa, kutoka Kapkwata, ni ndefu ila mwili unapata nafasi ya kuzoea. Kichwa kikiuma na tumbo likichafuka, laleni hapo hapo, msipande zaidi. Lakini mwenzenu akianza kupepesuka, kusema ovyo, au kuhema ilhali amekaa, mteremsheni saa hiyo hiyo, usiku ule ule, askari akiwa mbele. Msingoje kupambazuke. Kilele cha Wagagai, mita 4,321, hakitahama.

Mfuko wangu mzito wa kulalia upo hapa nyumbani, ni mzima na mama yako ameuanika. Pitia Mbale uuchukue, na uje na hema lenu tulisimamishe uani, nione kama mishipi yake yote imekaza.

Baba yako