Seva ya SACCOS yetu iko sakafuni stoo. Je, tuhamie kwenye wingu?

Swali: Kijana wangu, mimi ni mwenyekiti wa SACCOS ya walimu hapa Temeke. Tuna wanachama 640, na hesabu zetu zote zimo kwenye seva moja, yaani kompyuta kuu ya ofisi, iliyo sakafuni stoo, pembeni ya mafaili ya zamani. Umeme ukikatika kazi inasimama, na masika yaliyopita maji yalifika hadi mlangoni pa stoo. Kampuni moja inatushauri tuhamie "wingu" na tulipe kwa mwezi. Bodi imegawanyika. Wapo wanaosema fedha za watu zitakuwa zinaelea hewani, na wapo wanaosema intaneti ikikatika ndiyo basi tena. Wingu ni nini hasa, na sisi linatufaa?

Jibu: Shikamoo Mwalimu. Nianze na hilo la kuelea hewani, maana wajumbe wako wanastahili jibu la kueleweka. Hakuna kinachoelea. Wingu ni majengo. Ndani yake zimo seva kwa maelfu, zimepangwa kwenye makabati ya chuma, zina majenereta, viyoyozi visivyozimwa usiku wala mchana, na walinzi mlangoni. Amazon walianza kukodisha mashine za namna hiyo mwaka 2006. Kwa upande wetu huu wa Afrika, Microsoft walifungua vituo vyao Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon wakafungua Cape Town mwaka 2020, na Google wakaja Johannesburg mwaka 2024. Hapa Dar tunacho Kituo cha Taifa cha Kuhifadhi Data, pale Kijitonyama. Kwa hiyo mkiambiwa data zitakaa kwenye wingu, ulizeni: wingu la nani, na liko mji gani? Asiyeweza kuutaja mji bado hajawa tayari kushika hesabu za walimu 640.

Mkataba wenyewe umekaa kama wa fremu ya Kariakoo. Mwenye jengo anashughulika na paa, umeme na mlinzi wa usiku. Kufuli ya fremu, mzigo uliomo ndani na daftari la madeni ni juu ya mpangaji. Ukigawa funguo ovyo na mzigo ukapotea, mwenye jengo hakulipi. Kwenye wingu pia, kampuni inalinda jengo na mashine, ila nani anaingia kwenye mfumo na anaruhusiwa kufanya nini, hilo linabaki kwenu.

Mnaweza kukodi mashine tupu mkaweka programu zenu wenyewe, au mkalipia programu ya uhasibu iliyo tayari, mnaingia kwa kivinjari kama mnavyoingia MUVU, ule mfumo wa serikali wa vyama vya ushirika, kujaza taarifa zenu. Kwa chama kisicho na fundi wa kudumu, ningechagua hiyo ya pili bila kusita. Mashine tupu inahitaji mtu wa kuisasisha na kuiangalia kila siku. Asipokuwepo, mtakuwa mmeyachukua matatizo ya stoo mkayapeleka Cape Town.

Swali la intaneti ni zito, na wanaoliuliza wana hoja. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti hapa nchini ikawa ya kusuasua. Aliyekuwa na seva yake ofisini aliendelea kupokea marejesho ya mikopo. Aliyekuwa na kila kitu ng'ambo alikaa akitazama kiduara kinazunguka. Lakini pimeni na upande wa pili. Mwambie mhasibu aandike, kwa miezi mitatu tu, kila saa ambayo kazi imesimama kwa sababu ya umeme au seva kugoma. Ofisi nyingi nilizowahi kuzishauri, zikiona hesabu hiyo, hubadili mawazo zenyewe.

Mkihama, nunueni njia mbili za intaneti: faiba ya kampuni moja, na rauta ya laini ya simu ya kampuni nyingine. Muulizeni kila mmoja data zake zinapita waya upi baharini, kwa sababu kampuni mbili zinaweza kuwa zinategemea waya uleule na msijue mpaka siku ya kuumia. Wekeni UPS ndogo, yaani betri ya akiba, ya rauta na laptopu mbili. Vitabu vya risiti vya karatasi msivitupe. Na kama huduma mnayoifikiria ipo hapa nchini, hiyo ni faida ya kweli: mawasiliano ya ndani yanaweza kumalizika hapahapa bila kuvuka bahari.

Sasa jambo ambalo limewaumiza watu wengi kuliko intaneti. Wengi wanaamini ukishakuwa kwenye wingu bakapu, yaani nakala ya akiba ya data, inajifanya yenyewe. Usiku wa tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Wateja waliokuwa na nakala sehemu nyingine walirudi kazini. Wasiokuwa nayo, wako waliopoteza kila kitu moja kwa moja. Bakapu yenu ikae kituo tofauti na data zenyewe, na nakala moja kila mwezi ishushwe kwenye diski ya nje inayofungiwa kabatini, mbali na ofisi.

Halafu kuna funguo. Miaka michache iliyopita niliitwa na taasisi moja Kinondoni. Mfumo wao ulikuwa kwenye wingu na haukuwa na kasoro, ila kadi ya benki iliyokuwa ikilipia ilikuwa imeisha muda, huduma ikasimamishwa. Kuweka kadi mpya kukashindikana. Akaunti kuu ilifunguliwa kwa barua pepe binafsi ya kijana aliyekuwa ameshaacha kazi, nenosiri hakuna aliyelijua, na namba za uthibitisho zilikuwa zikienda kwenye laini yake ya zamani. Tukapiga ile namba. Akapokea mama mmoja wa Morogoro, kwa upole kabisa, akasema laini hiyo ni yake tangu mwaka uliopita. Ilikuwa tarehe 27 ya mwezi, na mhasibu alisimama nyuma ya kiti changu na karatasi za mishahara mkononi. Ilituchukua siku nne kumtafuta yule kijana na kuithibitishia kampuni kwamba akaunti ni ya taasisi. Kwa hiyo akaunti kuu ifunguliwe kwa barua pepe ya chama, viongozi wawili wawe na namna ya kuingia, na uthibitisho wa hatua mbili uwe kwenye simu ya ofisi.

Kuhusu sheria: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Majina, namba za NIDA, mishahara na mikopo ya wanachama ni taarifa binafsi, na kuhama hakuwaondolei wajibu wa kuzilinda. Chama kinatakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kuzipeleka nje ya nchi kuna masharti yake. Nendeni Tume kabla ya kusaini.

Bei iulizwe kwa shilingi na kwa dola, kwa sababu ankara nyingi za wingu ni za dola na thamani ya shilingi haikai mahali pamoja. Ulizeni pia gharama ya kuondoka: siku mkitaka kuhama, data zenu mtapewa kwa muundo gani, na kuzitoa kunalipiwa kiasi gani? Liandikwe kwenye mkataba.

Na kabla hamjasaini chochote, mwiteni huyo wa kampuni ofisini, mpeni bakapu ya juzi ya hesabu zenu. Mchague mwanachama mmoja papo hapo. Arudishe hesabu ya mwanachama huyo kwenye kompyuta tupu, mhasibu akiangalia, na salio lilingane na lililo kwenye kitabu cha mwanachama hadi senti ya mwisho. Likilingana, pelekeni mkataba kwenye bodi. Lisipolingana, seva ibaki stoo kwanza, ila leo hii iinueni kutoka sakafuni.