Mwanangu, hela ya tuisheni usitume kwanza

Baba, shkamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku Mbagala tupo tunamshukuru Mungu, mvua tu ndo imetusumbua, njia ya kuja dukani imekuwa dimbwi, wateja wanaruka ruka kama wanacheza rede. Meseji yako niliiona nikiwa na foleni ya watu nikasema huyu nitamjibu nikitulia, maana ulichouliza hakijibiki kwa mstari mmoja. Umesema mdogo wako kakutumia picha ya ripoti yake ya fom three, kashika nafasi ya 41, sasa unataka kutuma hela aongezewe tuisheni ya jioni juu ya ile ya Jumamosi, afu ukaniuliza hao wanaoongoza darasani hasa wanafanyaje mpaka wanawaacha wenzao.

Hela usitume kwanza. Najua unajibana huko Mwanza na kodi nayo inakusubiri, na moyo wako nimeuona. Ila huyu mtoto anasikiliza walimu toka asubuhi mpaka mchana, Jumamosi anasikiliza tena, ukimuongezea ya jioni utakuwa umemlipia mtu mwingine wa kumsikiliza. Kusikiliza kashasikiliza vya kutosha. Asichofanya ni kukaa peke yake akakitoa kichwani kile alichosikia, na hapo ndo vipanga wanapomuacha. Mtu anaweza akakaa mwaka mzima kwa mama ntilie anaangalia chapati zinavyosukumwa, siku akipewa unga yeye anatoa ramani ya Afrika.

Mi haya nimeyaonea hapa hapa steshenari. Watoto wengi wakija kutoa kopi ya pasti pepa neno la kwanza ni "mama, yenye majibu ipo?" Anaondoka na swali na jibu vimeshikana, akifika nyumbani anasoma swali, jicho linashuka kwenye jibu, anatikisa kichwa, ah hii naijua. Wapi! Anaitambua akiiona, kama unavyomtambua mtu wa mtaani ambae hata jina lake hulijui. Na mtihani haukuletei jibu ulitambue, unakuletea karatasi nyeupe.

Sasa kuna binti mmoja anasoma shule ya kata hapa jirani, yuko fom foo. Huyu yeye anachukua maswali matupu. Kuna siku alikuja Jumamosi nyumbani kwao kuna msiba wa jirani, makelele, akaniomba akae kwenye lile benchi pembeni ya friji, simu akanipa mi niishike akasema "mama masaa matatu yakiisha nistue". Akaandika weee, mara anatazama juu, mara anafuta, watu wanaingia wanatoka yeye hata hageuki. Nilipomstua akaomba peni nyekundu, akafungua kitabu na notsi, akaanza kujisahihisha mwenyewe na hakujionea huruma hata kidogo, sehemu kakosa anapiga kosa kubwa. Afu akatoa kikaunta buku kidogo, humo anaandika swali alilokosa, alichojibu yeye, na mbele yake sababu: hapa sikujua, hapa nilijua nikasahau, hapa nilisoma swali vibaya. Nikamuuliza hicho cha nini, akanijibu wiki ya mtihani atasoma hicho tu. Sijui atapata divisheni ngapi, mtihani bado, lakini baba yule mtoto anajua asichokijua. Mdogo wako ukimuuliza una shida wapi anakwambia "kote mama".

Na usidhani ni mambo ya benchi la Mbagala tu. Kuna mteja wangu anasoma ualimu pale chuo cha DUCE Chang'ombe, aliniletea kazi yake nimtaipie na unanijua mi nikitaipu nasoma. Humo kaeleza utafiti wa Marekani wa 2006, watafiti wanaitwa Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi habari fupi ya kusoma, kundi moja likairudia kuisoma mara nne, kundi lingine likasoma mara moja tu afu likafunga karatasi likaandika linachokumbuka mara tatu. Walipopimwa baada ya dakika 5 waliorudia kusoma ndo walikuwa juu. Baada ya wiki moja mambo yakageuka, hao wa kusoma wakakumbuka kama asilimia 40 na hao wa kujipima asilimia 61. Mi hapo nikaacha kutaipu kidogo. Maana ndo kinachowadanganya watoto wetu, usiku ule unasoma unajiona umeiva kabisa, na umeiva kweli, ila kwa usiku huo tu.

Kwahiyo nilichoanza na mdogo wako ni hiki. Akirudi shule anakula, anapumzika, simu naishika mi (amenuna siku mbili tatu, amezoea), afu anachukua somo la siku hiyo anasoma mara moja kwa kutulia, daftari analifunga na kunipa. Nampa zile karatasi mbovu za printa, nyuma ziko nyeupe, anaandika yote anayokumbuka. Mwanzo alikuwa anaandika mistari minne anabaki kung'ata peni, anasema kichwa kinamuuma. Nikamwambia huko kuumwa ndo kusoma kwenyewe. Akimaliza narudisha daftari, anaongeza kwa wino mwingine vile alivyovisahau. Kesho yake kabla ya kitu kingine anarudia kwa kichwa, afu baada ya siku tatu, afu wiki. Kuna Mjerumani alijipima mwenyewe haya zamani huko 1885, Ebbinghaus, akaona kusahau kunakimbia sana siku ile ile na kesho yake, baadae ndo kunapoa. Ndo maana mtoto anaesubiri mtihani ukaribie ndo akeshe anakuta anaanza upya kila kitu, na mdogo wako bahati yake mtihani wa taifa ni Novemba ya mwakani, muda anao.

Hesabu hiyo usiniulize, unajua ndo inayoangusha wengi kila mwaka nchi nzima, na hesabu hata hao wa kukariri haiwasikilizi. Hapo dawa ni kufanya, tena kwa saa. Pepa yake ya fom foo ina maswali 14 kwa masaa 3, sekisheni A kumi ya alama sita sita, sekisheni B manne ya alama kumi kumi. Yani swali moja lina kama dakika 12 hivi. Mdogo wako nilimkuta kakomaa na swali moja la alama sita kama ana ugomvi nalo, nusu saa nzima. Ruka mwanangu, rudi baadae! Kwahiyo sasa anafanya maswali matatu kwa siku na saa iko mezani, basi, hata Jumapili.

Kitu kingine ambacho nashangaa wazazi hawakijui na ni cha bure. NECTA, wale baraza la mitihani, kwenye tovuti yao wanaweka ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, kila somo, swali kwa swali, wanaonyesha watoto walijibuje, wanaweka mpaka picha ya jibu zuri na jibu bovu kwa mwandiko wa mtoto mwenyewe, na wanasema kwanini hili kapewa alama na hili kanyimwa. Mtu akilipia tuisheni ndo anatafuta hicho hicho. Nimemprintia za kemia na baiolojia. Ukisoma unaona makosa ni yale yale, swali limesema eleza mtoto kaorodhesha, limesema tofautisha kaandika maana ya kimoja akaishia hapo. Anajua kabisa lakini alama kakosa.

Na hapo inaingia ishu ya lugha, hii ndo naiona kubwa kuliko wanavyoisema. Mtoto kasoma msingi kwa Kiswahili miaka yote, kaingia sekondari ghafla karibu kila kitu Kiingereza. Mdogo wako ukimuuliza jinsi damu inavyozunguka anakueleza kwa Kiswahili mpaka unaiona, mpe karatasi aandike kwa Kiingereza anaandika sentensi moja iliyovunjika mguu. Wengi wanasema asome Kiingereza tu, mi naona hapana, aelewe kwanza kwa lugha yake, akishaelewa ndo aandike kwa Kiingereza kwa maneno yake, sentensi fupi fupi. Akikariri sentensi ya kitabu asiyoielewa, akisahau neno moja la katikati jengo lote linaanguka.

Usingizi nao. Shule yake iko mjini, anaamka saa kumi alfajiri ili saa kumi na moja awe kituoni, na makonda unawajua wakiona yunifomu wanavyojifanya gari imejaa. Sasa mtoto wa hivyo ukimpa tuisheni ya jioni anafika nyumbani saa ngapi, analala saa ngapi? Wataalam wa usingizi wanasema umri wake anatakiwa masaa 8 mpaka 10. Hayo hayapati hata tufanyeje, lakini saa mbili na nusu usiku vitabu vinafungwa, mi sitaki sifa za mtoto anaekesha afu anasinzia kwenye kipindi. Hata hiyo ya Jumamosi mi naona aiache, aende Maktaba Kuu pale Bibi Titi, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere 1967, kuna utulivu na kuna meza, nyumbani kwetu unajua jirani na redio yake.

Diskasheni simkatazi ila awe na wawili watatu wanaoulizana, zile za watu kumi anaongea mmoja wengine wanakula mihogo siziafiki.

Afu umuondolee presha ya namba. Ile 41 inakutisha wewe na mimi, yeye inamvunja moyo tu. Nimekaa nae tukaangalia alama, kemia ana 43, baiolojia 42, jiografia 61. C inaanzia 45 na B inaanzia 65, kwahiyo kemia anadaiwa alama mbili tu atoke D, baiolojia tatu, jiografia nne aingie B. Kwenye divisheni wanahesabu masomo saba aliyofanya vizuri, A ni pointi moja, B mbili, C tatu, D nne, na divisheni wani ni kuanzia pointi 7 mpaka 17. Alivyoona hivyo kwa vidole akaniambia "kumbe mama sio mbali hivyo". Fizikia ana 19, hiyo tumeiacha kidogo, hatuwezi kuzima moto nyumba nzima kwa ndoo moja.

Sasa wewe ninachokuomba. Unafanya kazi maabara, kemia unaishika kila siku, basi Jumapili uwe unampigia yeye akufundishe wewe mada moja. Wewe jifanye hujui kabisa, muulize "kwanini?" mpaka achoke, pale atakapokwama ndo atapajua pa kurudi kusoma. Usimkatize na usimcheke, unajua ulivyo. Kama hiyo hela lazima itoke mfukoni basi nunulia vocha ya kupiga.

Wiki hii kachagua mole konsepti, anasema saa mbili kamili usiku yuko tayari. Ukiona simu inaita haipokelewi ujue Yanga wanacheza, rudia mpira ukiisha.

Mama yako.