Adui wa rasimu si WhatsApp, ni ule mstari mwekundu

Mmeuliza wiki hii kama hizi programu za kuandikia zinazofunika skrini nzima ukabaki na maneno yako tu zinamsaidia mtu kweli kumaliza rasimu ya kwanza, au ni mapambo. Mie nasema zinasaidia, tena sana, ila sababu wanayoitoa wengi siyo yenyewe. Wanasema zinakuzuia usichungulie WhatsApp. Jamani, simu si ipo hapohapo pembeni ya kikombe cha chai? Laptopu hata uifunike shuka, simu italia tu.

Naandika simulizi za kuuza kwenye magrupu, nipo Tanga, Ngamiani, na wasomaji wangu ndo haohao wanaonijazia simu, "dada lete sehemu inayofuata, umetuacha pabaya". Kwa hiyo kuzima data ni kazi ya kidole changu, hakuna programu ya kunifanyia. Kinachoua rasimu ni kusahihisha huku bado unaandika. Unafungua Word iliyowekwa Kiingereza, unaandika mama mkwe kaingia bila hodi, karibu kila neno linapigwa mstari mwekundu, unaanza kujitilia shaka hata pale ulipopatia, unarudi sentensi ya kwanza kuiweka sawa, ukishafika huko juu macho yanaona fonti, unajaribu nyingine, unaweka kichwa katikati, unakitoa, mpaka adhana ya magharibi inakukuta na aya moja. Nzuri kweli, lakini moja.

Na msinambie niweke kamusi ya Kiswahili. Najua ipo, Word wanayo na LibreOffice, ile ya bure inayofanana na Word, wanayo, ila wahusika wangu hawaongei kama taarifa ya habari, wanasema "ntakuja", wanasema "nshakwambia we mwana", na kamusi haijakaa uswahilini kwetu.

Ndo maana natumia FocusWriter. Ni ya bure, inakubali Windows na Linux, na hata laptopu yangu ya mtumba inaibeba bila kulalamika. Ukiifungua inachukua skrini yote, menyu zinajificha mpaka usogeze mshale ukingoni, ukaguzi wa tahajia unauzima, na ukitaka inafifisha maandishi mengine yote ukabaki unaona vizuri pale tu unapoandika. Hiyo ya kufifisha ndo dawa yangu, maana aya ya juu nisipoiona vizuri siioni ubaya wake. Unaweza pia kujiwekea lengo la siku, kwa maneno au kwa dakika. Mie naweka la maneno, dakika nitakaa nazitazama tu. Kuna na mlio wa taipureta, niliuwasha nyumba nzima ikauliza kunagongwa nini huko, nikauzima. Inahifadhi yenyewe pia, na kwa umeme wetu unavyopenda kuaga bila taarifa hilo si jambo dogo.

Kama una mkono mwepesi wa kufuta kuna nyingine inaitwa ghostwriter, hiyo nayo ya bure, ina hali iliyopewa jina la Hemingway, ukiiwasha vitufe vya kufuta vinagoma kabisa. Umeandika, umeandika. Siku ya kwanza utaichukia.

Hata wakubwa wana ugonjwa huuhuu. George R. R. Martin, yule mwandishi wa vitabu vya Game of Thrones, alisema kwenye televisheni kule Marekani mwaka 2014 kwamba anaandikia WordStar 4.0, programu ya miaka ya 80, kwenye kompyuta ya kizamani ya DOS isiyo na intaneti, kwa sababu hapendi programu zinazomrekebishia herufi wala zinazomkagulia tahajia. Sasa mtu mwenye majina ya kubuni kila ukurasa, utamlaumu? Ila tuseme ukweli, kitabu cha mwisho kwenye ule mfululizo wake kilitoka 2011 na watu bado wanasubiri kinachofuata, kwa hiyo skrini tupu haikuandikii, inakupunguzia vishawishi tu, kukaa kitako ni juu yako. Hivyo sioni haja ya kununua Freewrite, kile kimashine cha kuandikia tu kisicho na kivinjari, dola mia kadhaa! Kwa hela hiyo unapata laptopu ya mtumba na chenji inabaki.

Kitu kingine kinachovunja safari ni kutafuta taarifa katikati ya sentensi. Mhusika wangu kapanda basi Tanga anakwenda Lushoto, nataka kujua linafika Mombo saa ngapi, nikiwasha data kuuliza basi nimekwisha, nitarudi baada ya saa nzima nikiwa nimeangalia harusi ya watu nisiowajua. Siku hizi naandika ULIZA kwa herufi kubwa hapohapo, napita. Rasimu ikiisha natafuta neno hilo moja baada ya jingine, nauliza watu, najaza. Mara nyingi hata sihitaji, basi lenyewe nimeshalifuta.

Rasimu ya pili lakini msiifanyie humo. Kukata sehemu, kuhamisha sura, kuona nani kasema nini wapi, hayo yanataka programu yenye vyombo vyake vyote, na FocusWriter inahifadhi kwa odt, aina ya faili ambayo LibreOffice na Word zote zinaifungua, kwa hiyo kuhama si shida.

Najua wenzangu wengi hamna laptopu, mnaandikia simu. Inawezekana vizuri tu: weka hali ya ndege, fungua apu ya madokezo ya kawaida kabisa, kisha ingia kwenye mipangilio ya kiibodi uzime ule urekebishaji wa maneno unaojifanya wenyewe, maana huo ni mbaya kuliko mstari mwekundu, mstari unakuonya, huu unakubadilishia neno na wewe hujaona. Utauwasha tena ukianza kusafisha.